Kuruka na Kurukia: Sarufi ya Super Mario Bros. na Swali la Michezo ya Kidijitali kwa Kiswahili

Utangulizi

Katika mijadala yetu kuhusu Kiswahili na teknolojia, michezo ya video hutajwa kwa haraka, na karibu kila mara kwa namna mbili. Ama hutajwa kama kishawishi kinachowaondoa vijana kwenye vitabu, ama kama chombo kitupu kinachongoja kujazwa maneno ya Kiswahili ili kiwe na manufaa. Pande hizi mbili zinapingana kwa kelele, lakini zinakubaliana kimyakimya katika jambo moja: kwamba mchezo wenyewe hauna la kuhakikiwa. Makala haya hayakubaliani na dhana hiyo. Yanachukua kazi moja, Super Mario Bros., iliyotolewa na kampuni ya Nintendo nchini Japani tarehe 13 Septemba 1985, na kuisoma kama tunavyosoma utungo, yaani kwa kuanza na fani yake.

Swali linaloongoza uhakiki huu ni hili: kwa nini mchezo wenye umri wa miaka 40, uliotungwa kwa ajili ya mashine ambayo leo ni kitu cha makumbusho, bado unachezwa na watoto wasioijua kabisa mashine hiyo? Jibu ninalolitetea ni kwamba mchezo huu una sarufi ndogo, inayofundishwa pasi na maneno, na inayotunzwa kwa uaminifu karibu hadi mwisho. Neno “karibu” ni la makusudi na nitalirejea. Jibu hilo, kama ni sahihi, linagusa moja kwa moja namna tunavyowashauri watunga sera kugharimia michezo ya Kiswahili.

Kumbukumbu na soko havitoshi

Maelezo ya kwanza yanayotolewa kuhusu mvuto wa michezo ya zamani ni kumbukumbu za utotoni. Mtu mzima anayekumbuka sebule ya nyumbani kwao, inasemwa, anaupenda mchezo kwa sababu anaipenda sebule ile. Maelezo haya yana ukweli wake. Mwezi Agosti 2021 nakala moja ya Super Mario Bros. iliyokuwa bado imefungwa katika karatasi yake ya dukani iliuzwa nchini Marekani kwa dola milioni 2. Nakala hiyo haikununuliwa ili ichezwe. Kuifungua kungeiondolea thamani. Hapo kilichonunuliwa ni kumbukumbu, na kumbukumbu ikatosha kueleza bei. Lakini haielezi mtoto wa miaka minane anayeupata mchezo huu leo, asiye na sebule ya zamani ya kuikumbuka, akafa mara ishirini katika hatua ileile na bado akaomba zamu nyingine.

Maelezo ya pili ni ya soko. Mchezo huu uliuzwa zaidi ya nakala milioni 40, na sehemu kubwa ya nakala hizo ilitolewa pamoja na mashine yenyewe, kwa hiyo mnunuzi hakuuchagua. Hoja hii ni nzito zaidi, na inahitaji kupimwa kwa mfano wa karibu. Katika soko la Marekani, kuanzia mwaka 1988, kaseti moja ilibeba michezo miwili: Super Mario Bros. na Duck Hunt, mchezo wa kupiga bata kwa bunduki ya mwanga. Yote miwili iliingia katika nyumba zilezile kwa siku ileile. Duck Hunt leo unakumbukwa kwa mapenzi, ila ni wachache wanaoucheza. Ni haki kukiri kwamba bunduki yake haifanyi kazi kwenye runinga za kisasa, na hilo limeudhuru. Hata hivyo, mtu aliyeucheza kwa nusu saa anajua kwamba amekwisha kuona yote: bata huongeza mwendo, basi. Soko lilieleza jinsi michezo hii miwili ilivyofika. Halielezi kwa nini mmoja ulibaki.

Wala si suala la kuwa wa kwanza. Pitfall! ya mwaka 1982 ilikuwa na mhusika anayekimbia na kuruka mashimo, na Pac-Land ya 1984 ilikuwa na mandhari inayosogea pembeni kadiri mhusika anavyokwenda. Mario mwenyewe alionekana mara ya kwanza katika Donkey Kong ya mwaka 1981, akiwa seremala asiye na jina zaidi ya lile la kazi yake ya kuruka. Shigeru Miyamoto, Takashi Tezuka na wenzao hawakubuni kuruka. Walichofanya ni kukipa kitendo hicho sarufi.

Kitenzi kimoja na mnyambuliko wake

Hapa Kiswahili kinamsaidia mhakiki kuliko lugha nyingi ambazo mchezo huu umeandikiwa. Tunasema kuruka shimo na tunasema kurukia jukwaa. Mzizi ni mmoja. Kiambishi -i- cha kutendea kinageuza uhusiano wote kati ya mtenda na kile kilicho mbele yake. Katika kuruka, kitu kinaachwa chini na nyuma. Katika kurukia, kitu ndicho shabaha. Naamini kwamba karibu maudhui yote ya Super Mario Bros. yamo katika nafasi iliyopo kati ya vitenzi hivi viwili.

Mchezaji ana kitufe kimoja cha kuruka na kingine cha kukimbia. Shimo huruka. Jukwaa hurukia. Adui mdogo wa kahawia, Goomba, anaweza kurukwa au kurukiwa, na uamuzi ni wa mchezaji. Kobe akirukiwa hujificha ndani ya gamba. Gamba likiguswa huteleza na kuwaangusha maadui wengine njiani, kisha likigonga bomba hurudi na kumwangusha aliyelipiga teke. Kobe mwenye mabawa akirukiwa hupoteza mabawa na kuwa kobe wa kawaida, ambaye tayari tunazijua kanuni zake. Kobe wa kijani hutembea hadi akaanguka ukingoni. Mwekundu hufika ukingoni akageuka. Kisha, hatua nyingi baadaye, anatokea kiumbe mwenye miiba mgongoni. Hakuna maandishi yanayotuonya, lakini umbo lake linasema: huyu harukiwi. Anayemrukia anakufa mara moja, na kosa hilo halirudii kwa sababu alama ilikuwa wazi tangu mwanzo.

Mwanaisimu atatambua kinachotendeka. Vipashio ni vichache, kanuni za kuviunganisha ni chache, na miundo inayozalishwa ni mingi mno. Adui mmoja juu ya ardhi tambarare ni sentensi sahili. Adui huyohuyo juu ya jukwaa jembamba lililo kando ya shimo, huku mwingine akishuka kutoka juu, ni sentensi changamano, lakini haina msamiati mpya. Mchezaji anayeshindwa hapo hajakutana na jambo asilolijua. Ameshindwa kuunganisha anayoyajua. Hii ndiyo sababu hasira yake humrudisha kwenye mchezo badala ya kumfukuza.

Lipo pia suala la lafudhi, kama neno hilo linaruhusiwa hapa. Kitufe kikibonyezwa kwa kifupi, Mario huruka kidogo. Kikishikiliwa, hupanda zaidi. Akiwa anakimbia, huruka juu na mbali kuliko akiwa anatembea. Akiwa hewani anaweza kubadilisha mwelekeo kwa kiasi, na akitua hasimami papo hapo bali huteleza. Kwa hiyo kila mchezaji anaruka kwa namna yake. Ukikaa kando ya wachezaji wawili wanaopita hatua moja, unawatofautisha kama unavyowatofautisha waghani wawili wa utenzi mmoja.

Somo lisilo na maneno

Sehemu ya kwanza ya ulimwengu wa kwanza, inayojulikana kama 1-1, imeshajadiliwa na wengi, na waundaji wenyewe, Miyamoto na Tezuka, waliielezea mbele ya kamera mwaka 2015 mchezo ulipotimiza miaka 30. Nairejea kwa sababu wataalamu wetu wa ufundishaji hawajaisoma vya kutosha.

Mario anaanzia upande wa kushoto wa skrini, akiutazama upande wa kulia ambao uko wazi. Hakuna mshale wala agizo. Nafasi tupu ndiyo agizo. Skrini haikubali kurudi nyuma, kwa hiyo mwelekeo unaeleweka ndani ya sekunde chache. Kisanduku chenye alama ya kuuliza kinametameta. Kutoka kulia anakuja Goomba, polepole, uso umekunjwa. Mchezaji asipofanya lolote atakufa, na kifo hicho kitampotezea sekunde chache tu. Akiruka, ama atampita, ama atamtua kichwani, ama atapiga kisanduku kwa bahati na sarafu itatoka. Makosa yote matatu yanafundisha. Waundaji wamewahi kueleza kwamba Goomba alitungwa mwishoni, baada ya kobe kuonekana mgumu mno kwa anayecheza mara ya kwanza. Yaani adui wa kwanza tunayekutana naye alibuniwa baada ya wenzake, kama mwalimu anayeandika utangulizi wa kitabu akiwa amekwisha kuandika sura zote.

Uyoga nao hutoka kisandukuni, hukimbilia kulia, huanguka chini, hugonga bomba la kwanza na kurudi kwa mchezaji. Aliyekwisha kumwogopa Goomba ataogopa uyoga pia, lakini yuko chini ya safu ya matofali na si rahisi kuukwepa. Unamgusa, na badala ya kufa anakua. Ameshajifunza kwamba si kila kinachomjia ni adui, na hakuna aliyemwambia. Baada ya hapo mabomba matatu yanapanda kimo moja baada ya jingine, yakidai kitufe kishikiliwe kwa muda zaidi kila mara. Karibu na mwisho wa hatua zipo ngazi mbili zinazotazamana, na kati yake ni ardhi: ukianguka, unapanda tena. Mbele kidogo zipo ngazi mbili nyingine, na kati yake ni shimo. Zoezi ni lilelile. Kilichobadilika ni gharama ya kukosea.

Haya yote yalifanywa ndani ya kaseti yenye kilobaiti 40. Wenye mazoea na arudhi hawatashangaa. Mtunzi wa utenzi hupewa mizani minane kwa mshororo, na kifungo hicho humlazimisha achague. Wingu la angani na kichaka cha chini katika mchezo huu ni mchoro mmoja uliopakwa rangi mbili. Hatua kadhaa za ulimwengu wa tano, wa sita na wa saba ni hatua za awali zilizorudiwa, zikiongezewa hatari: 5-3, kwa mfano, ni 1-3 ileile, sasa ikiwa na risasi zinazopita hewani. Wapo wanaoliona hili kama uvivu. Mimi naliona kama takriri yenye mabadiliko. Mchezaji anapita mahali alipopita, akiwa na ujuzi ambao hakuwa nao mara ya kwanza, na anauhisi ujuzi huo mikononi. Muziki wa Koji Kondo unafuata kanuni hiyohiyo ya uchache: vipande vifupi vinavyozunguka, vinavyokwenda mbio muda unapokaribia kwisha. Mwezi Aprili 2023 wimbo wake mkuu uliingizwa katika rejista ya rekodi za sauti za Maktaba ya Bunge la Marekani, muziki wa kwanza wa mchezo wa video kupata nafasi hiyo.

Pale sarufi inapovunjwa

Sasa tulirejee neno “karibu”. Kasri la 4-4, na baadaye 7-4 na 8-4, ni mizingile. Mchezaji anayechukua njia isiyo sahihi hurudishwa alikotoka, bila dalili yoyote ya kosa alilofanya. Korido inaendelea tu kana kwamba haina mwisho. Hapa mchezo unaiacha kanuni yake ya kuonyesha kabla ya kudai. Kuruka na kurukia havisaidii. Kinachohitajika ni kubahatisha au kuambiwa na mwingine. Nimesoma utetezi kwamba mizingile huleta fumbo. Siukubali. Kitendawili kina dalili ndani yake, na mteguaji akishindwa hupewa jibu akaona lilikuwa mbele yake. Mzingile wa 4-4 hauna hilo.

Ushahidi mkubwa zaidi, hata hivyo, unatoka nje ya mchezo wenyewe. Mwaka 1986 Nintendo ilitoa mwendelezo nchini Japani, Super Mario Bros. 2, wenye wahusika walewale, mandhari yaleyale na vitenzi vilevile. Mapema katika hatua ya kwanza kisanduku kinatoa uyoga wenye sumu. Baadaye upepo humsukuma Mario akiwa hewani, na milango mingine ya siri humrudisha mchezaji katika ulimwengu aliokwisha kuupita. Msamiati ni uleule lakini uaminifu haupo. Neno lililomaanisha uhai sasa linamaanisha kifo, na anayefundishwa anadhihakiwa. Tawi la Marekani la kampuni hiyo liliuona mgumu mno kwa wateja wake, na mwaka 1988 likatoa mchezo mwingine kabisa, uliorekebishwa kutoka Doki Doki Panic, kwa jina hilohilo. Ule wa 1986 haukuvuka rasmi hadi mwaka 1993. Una mashabiki wake, watu wanaopenda adhabu. Lakini hakuna anayemwanzishia mtoto kwa mchezo huo. Kama kumbukumbu, mhusika au chapa vingetosha kueleza mvuto, michezo hii miwili ingependwa kwa kiwango kimoja.

Maneno yaliyotupwa na maneno yaliyozaliwa

Kijitabu kilichoambatana na kaseti nchini Marekani kilieleza hadithi ndefu kuliko mchezo wenyewe. Kilisema kwamba raia wa ufalme wa uyoga waligeuzwa kwa uchawi kuwa mawe, matofali na mimea, na kwamba binti mfalme pekee ndiye awezaye kuwaokoa. Mtu akiichukulia hadithi hiyo kwa uzito, atajiuliza Mario anayavunja matofali gani. Katika mchezo hakuna chochote kinachotegemea hadithi hiyo. Binti mfalme ni shabaha tu, hana tendo wala kauli hadi dakika ya mwisho, na kwa upande wa maudhui huu ni udhaifu ambao miaka 40 haijaupunguza.

Eneo letu liliupata mchezo bila kijitabu hicho. Katika miaka ya 1990 ulifika Bujumbura, kama ulivyofika miji mingine mingi ya Afrika, ndani ya mashine za kuiga za bei nafuu zilizounganishwa na runinga, na kaseti zilizodai kubeba mamia ya michezo huku zikirudia ileile kwa majina tofauti. Maelekezo, yalipokuwapo, yalikuwa katika lugha ambazo hatukuzisoma. Hatukupungukiwa na kitu. Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ndicho lugha yake ya barazani, mchezo ulizungukwa na maneno tangu siku ya kwanza: ruka, mrukie, usimrukie huyo, ngoja agamba litoke, ingia bombani, umemaliza roho. Waliosubiri zamu walizungumza kuliko aliyecheza. Skrini haikuwa na Kiswahili hata neno moja, na chumba kizima kilikuwa Kiswahili.

Hili halipaswi kutushangaza, kwa kuwa tuna mfano wa zamani zaidi. Ubao wa bao hauna maandishi. Hakuna aliyeuandikia maelekezo ndani ya mashimo yake. Pamoja na hayo wachezaji wameuzalia msamiati ambao kamusi zinauhangaikia: kete, nyumba, kichwa, kimbi, namua, mtaji, takata. Istilahi hizi hazikubuniwa na kamati. Zilizaliwa kwa sababu mchezo una sarufi inayostahili kuzungumziwa, na watu wakahitaji maneno ya kubishania.

Athari kwa wanaoshauri sera

Mapendekezo ya michezo ya kielimu yanayoletwa katika vikao vya aina hii mara nyingi huanza na maneno: orodha ya msamiati, methali, historia ya shujaa fulani. Kisha hutafutwa mchezo wa kuyabeba, na kwa kawaida huwa ni maswali ya kuchagua jibu yenye picha inayosogea. Bajeti huisha katika kutafsiri na kurekodi sauti. Mtoto hucheza mara moja kwa sababu mwalimu amesema, na hairejei kazi hiyo nyumbani. Siwalaumu wabunifu, wanajibu wito uliotangazwa, na wito ndio ulioanza vibaya.

Ningependa vigezo vya kugharimia vibadilishwe mpangilio. Kabla ya mradi kupewa fedha za maneno, uonyeshe hatua moja inayochezeka pasi na neno lolote, na ijaribiwe na mtoto asiyeelezwa chochote. Kama baada ya dakika moja mtoto haelewi anachotakiwa kufanya, kuongeza Kiswahili hakutauokoa mradi huo. Kutaufanya uwe wa maelezo zaidi tu. Kama anaelewa na anataka kuendelea, basi ndipo waitwe waandishi na wanaleksikografia. Pengine kazi yao ya kwanza itakuwa kusikiliza watoto wenyewe wanaviitaje vitu vilivyomo, na kuyaandika.

Naona pingamizi litakalotolewa: je, lugha isipokuwa ndani ya skrini, haitabaki nje daima? Inawezekana, ikiwa waundaji hawatoki kwetu. Super Mario Bros. haukuhitaji Kiswahili ili upendwe Buyenzi, na kwa sababu hiyohiyo haukukipa Kiswahili chochote kilichoandikwa. Ujumbe pekee ambao mchezaji huupata mwishoni mwa kasri saba za kwanza, ukimwarifu kwamba binti mfalme yuko katika kasri jingine, tuliuelewa kwa kuona aliyesimama pale hakuwa binti mfalme. Lakini mchezo uliotungwa hapa, wenye kitenzi chake mwenyewe na kanuni zake mwenyewe, utakuwa na mabishano yake kwa Kiswahili tangu ukiwa mezani kwa mtunzi, na mabishano hayo yataacha alama katika majina ya hatua, ya viumbe na ya makosa.

Kwa watafiti, ipo kazi isiyoweza kuahirishwa. Waliocheza kwa kaseti katika miaka ya 1990 ni watu wazima sasa, wametawanyika, na msamiati waliouzalisha haujakusanywa. Vyumba vya kuchezea vya leo, penye michezo ya kandanda na ya mapigano, vina msamiati wake unaobadilika kila mwaka. Usaili na rekodi za sauti katika miji minne au mitano ya kanda vingetuwezesha kulinganisha, kwa mfano, ni wapi kitenzi kurukia kilichukua maana ya kushinda, na ni wapi kilibaki na maana yake ya kawaida.